Mbishi Haivutwi

Mwalimu alisema kisiwa kitaonekana kesho yake kabla ya saa tano asubuhi, upande wa kulia wa omo, ile pua ya boti, na hakuna aliyemjibu. Si kwamba tulimdharau. Tulikuwa tumechoka kiasi cha kuona hata kuitikia ni kazi, na maji ya kunywa yalibaki ya siku nne kwa kujinyima. Spana peke yake ndiye aliyenong'ona, akisugua sufuria, "Kikichelewa tukipe adhabu gani, Mwalimu? Kipige magoti?"

Tulikuwa watu wanne ndani ya boti ya matanga iliyoitwa Mbishi. Nahodha alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, mwanamke wa miaka hamsini na sita. Alikuwa ameendesha tishari bandarini kwa miaka ishirini na miwili, zile boti fupi zenye nguvu za kusukuma na kuvuta meli kubwa mpaka gatini. Alipostaafu watu walidhani atafuga kuku. Yeye akachukua boti mbovu iliyokuwa ikiotewa na nyasi nyuma ya karakana, akaihangaikia miaka minane, kisha siku moja mezani akatangaza kwamba anakwenda kuzunguka dunia. Mwalimu alikuwa jirani yake, aliyefundisha hesabu sekondari mpaka nywele zikamwisha. Spana alikuwa fundi wa injini, na jina lake halisi nadhani hata mkewe alishalisahau.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule. Wifi alinichukua nipike. Nilipomwambia sijui bahari, alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe umeishi na kaka yangu miaka ishirini na sita," alisema. "Bahari itakushinda kwa lipi?"

Wiki ya kwanza bahari ilinishinda kwa kila kitu. Nilitapika mpaka nikaanza kutapika vitu nisivyokumbuka kuvila. Wiki ya pili nikasimama. Ya tatu nikaanza kuimba jikoni, na Spana akasema afadhali nilipokuwa natapika.

Siku ya ishirini, alasiri, tukakutana na dhoruba. Upepo tungeuvumilia. Kilichotuumiza ni radi. Ilipiga mlingoti, na kwa muda wa kupepesa macho kila kitu chenye waya ndani ya Mbishi kikafa: redio, simu ya setilaiti, vyombo vya kuonyesha tulipo, taa, na kile cha kuwashia injini. Harufu ya plastiki iliyoungua ilijaa chumbani. Tulipotoka nje tukakuta tanga kubwa limepasuka kutoka pembeni mpaka karibu na katikati, likipiga kelele kama mtu anayechapwa.

Wifi alitutazama mmoja mmoja. "Nani kaumia?" Hakuna. "Basi tuna boti, tuna dira, tuna watu wanne. Mwalimu, wewe ndiye macho yetu. Wifi, wewe ndiye tanga letu. Spana, pole sana, huna kazi. Utaosha vyombo."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu alikuwa na chombo cha shaba cha kupimia kimo cha jua, saa ya mkononi ya zamani ya kukaza kwa vidole, na kitabu cha majedwali. Siku zote kabla ya hapo alikuwa akipima jua kwa kujifurahisha tu, na sisi tukimtania kwamba anamchungulia jirani. Sasa kila mchana alisimama amejifunga kamba kiunoni, jicho moja limefumbwa, midomo ikihesabu. Mimi nilikaa siku nne na tanga magotini. Kitambaa kile ni kigumu kama bati. Sindano ilinitoboa mpaka nikaacha kushtuka, na subana ilinichubua kidole nikaivua nikafunga kipande cha ngozi ya kiatu. Nilishona mshono wa kwanza, nikaurudia wa pili juu yake, kisha nikazungusha kiraka kama ninavyofanya kwenye magoti ya suruali za watoto watundu. Tulipolitweka tena, wifi alilitazama muda mrefu likijaa upepo. Alinigonga begani mara mbili, ngumi ya kweli, nikajua nimesifiwa.

Kwa siku kumi na sita hakuna mtu yeyote duniani aliyejua tulipo isipokuwa Mwalimu, na yeye alijua kwa penseli.

Basi asubuhi hiyo ya siku ya thelathini na sita tulikaa sote nje, hata aliyepaswa kulala. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Mwalimu alikuwa hatazami bahari kabisa. Alikuwa amekaa ameipa omo mgongo, akichonga penseli iliyokwisha kuchongoka. Nikaona ni heshima kutomtazama.

Saa nne na dakika arobaini Spana akasimama juu ya paa la chumba.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, si ya utani hata kidogo. "Wingu lile halisogei."

Halikuwa wingu. Ulikuwa mlima, wa rangi ya moshi, na chini yake mstari mweusi ulionyooka. Upande wa kulia wa omo, kidogo tu.

Mwalimu aligeuka, akatazama, akaitazama saa yake. Kisha yule mtu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti alirusha penseli baharini na kupiga ukelele uliowatoa ndege majini. Tulimrukia sote kwa pamoja. Wifi aliacha usukani, jambo ambalo asingemsamehe mtu mwingine yeyote, akamkumbatia mpaka miwani ikapinda.

*

Tulipofika maili mbili kutoka mlango wa bandari, boti nyeupe ya bandari ilitoka mbio kuja kwetu. Ilikuwa na vijana wawili wenye makoti ya kuelea. Walipolisoma jina ubavuni mmoja wao alishika kichwa.

"Mbishi? Ni nyinyi kweli?"

"Unatarajia nani?" wifi alimjibu.

"Mama, nyinyi mmeshatangazwa kupotea!"

"Tumepotea lini? Sisi tulijua tulipo. Mliopotea ni nyinyi."

Kijana alicheka huku akikunja kamba nene, tayari kuturushia. Aliposikia kwamba injini yetu imekufa, alieleza kwamba mlango wa bandari ni mwembamba, una mawe pande zote mbili, na upepo ulikuwa unavuma ubavuni. Boti isiyo na injini haiingii pale. Watatufunga kamba watuvute.

"Ahsante sana mwanangu," alisema wifi. "Kamba yenu nzuri. Irudisheni ndani."

"Mama, hatari."

"Naiona. Sasa nisikilize. Mimi nimevuta meli za watu miaka ishirini na miwili. Nimevuta meli zilizokwama, zilizoungua, na moja ambayo nahodha wake alikuwa amelewa chakari. Leo, baada ya kuvuka bahari yote hii kwa kitambaa, nivutwe maili mbili za mwisho kama gari bovu? Tangulieni mtuonyeshe mlango, halafu mkae pembeni. Nikigusa jiwe, njooni mnicheke."

Kijana alimtazama Spana kana kwamba mwanamume mwenzake angemsaidia. Spana aliinua mabega. "Kaka, soma jina la boti."

Wakatangulia. Nilikuwa kwenye kamba ya tanga kubwa, Spana kwenye tanga la mbele, Mwalimu omoni akionyesha kwa mkono. Kushoto niliona mawe yamevaa mwani wa kijani, maji yakipanda na kushuka juu yake kwa uvivu. Upepo ulitusukuma kuelekea huko. "Kaza," alisema wifi. Nikakaza. "Tena." Nikakaza mpaka viganja vikawaka moto. Mbishi ililala upande, ikakata maji, ikapita katikati ya mawe na mawe kama uzi unavyopita tundu la sindano. Ndani ya bandari maji yalikuwa bapa. "Tua!" Tanga likashuka lote kwa pamoja mikononi mwangu, nikamezwa na kitambaa, sikuona tena kitu. Nilisikia tu kimya, maji yakinong'ona, kisha mguso mdogo kabisa, kama mtu anayeweka sahani mezani bila kutaka kumwamsha mgonjwa.

Nilipochomoza kichwa, ukuta wa gati ulikuwa hapo, na juu yake watu: wapakiaji mizigo, mabaharia wa boti nyingine, wanawake waliokuwa wakitengeneza nyavu. Walianza kupiga makofi. Spana alijitupa gatini na kamba kwa mbwembwe zote, akapiga hatua mbili za kishujaa, na ardhi ikamyumbia. Miguu iliyozoea mawimbi ilimkataa. Akakaa chini kitako mbele ya watu wote, kamba mkononi, akasema, "Msijali, nimeketi kwa hiari." Kicheko kilichopigwa pale nadhani kilisikika mlimani.

*

Ofisi ya mkuu wa bandari ilikuwa chumba cha ghorofani chenye feni ya dari iliyozunguka kwa kusuasua na ubao mweusi ukutani wenye majina ya boti zote zilizotarajiwa. Letu lilikuwa la nne, na mbele yake alama ya kuuliza iliyokolezwa kwa chaki mara mbili. Mkuu wa bandari alikuwa mtu mnene, mpole, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Alitueleza kwamba boti mbili zilizotoka bandari moja na sisi, kubwa kuliko yetu na zenye vijana watupu, ziliiona dhoruba ile na kugeuza. Yeye mwenyewe, siku tisa zilizopita, ndiye aliyetuma taarifa nyumbani kwetu kwamba hatujulikani tulipo.

"Sasa niambieni," alisema. "Kisiwa hiki ukikikosa kwa maili thelathini hukioni kabisa. Mmekipataje bila chombo?"

Mwalimu aliweka daftari lake mezani. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, la mistari, limevimba kwa chumvi. Mkuu wa bandari aliteremsha miwani akaanza kufunua. Alifunua taratibu, kisha kwa pupa, kisha akarudi nyuma, akachukua karatasi yake akapiga hesabu moja mwenyewe.

"Leo umekosea kwa maili ngapi?"

"Mbili," alisema Mwalimu. "Na robo. Jana kulikuwa na wingu."

"Na robo," alirudia mkuu wa bandari. Aliinuka, akafuta alama ya kuuliza kwa kiganja, akaandika kwa herufi kubwa: IMEFIKA. Halafu akamkabidhi Mwalimu chaki. "Saa andika mwenyewe."

Mwalimu alikuwa amestaafishwa mapema kwa sababu, walimwambia, kufundisha kwake kumepitwa na wakati. Hilo alinieleza siku moja tukimenya vitunguu, kama mtu anayesimulia habari za mwingine. Sasa alisimama mbele ya ubao, mgongo umenyooka, akaandika muda wa kufika kwa mwandiko wa darasani, nadhifu, kila tarakimu imesimama kwenye mstari usioonekana. Alipomaliza akapuliza vumbi la chaki vidoleni. Hakugeuka mara moja, na sisi tukampa nafasi.

Kisha mkuu wa bandari akasukuma simu kuelekea kwetu. "Pigeni nyumbani. Ongeeni mpaka mchoke."

Nilibonyeza namba. Ililia mara mbili.

"Haloo?" Sauti ya mume wangu ilikuwa imezeeka.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mkeo. Una wangapi?"

Nikasikia kiti kikianguka. Nikasikia pumzi inaingia na haitoki. "Sema tena," alisema.

"Nimefika. Sote tumefika. Dada yako yuko hapa, amechafuka na ana afya."

Mume wangu ni mtu wa kuhesabu maneno. Siku ya harusi yetu alisema "ndiyo" na "ahsanteni" tu. Sasa alipiga kelele kuita nyumba nzima, akilia na kucheka kwa sauti ileile moja, mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio na ofisi yote ikamsikia. Akaniambia majirani walianza kuja na nyuso ndefu, na mama mkwe akasimama mlangoni na kuwarudisha wote. "Mwanangu hajafa," aliwaambia. "Ningekuwa nimejua. Nendeni mkapike kwenu."

Mama mkwe mwenyewe alinyakua simu. "Mpe mwanangu."

Wifi aliishika simu kwa mikono miwili. Katika siku thelathini na sita sikuwa nimemwona akilegea hata mara moja: si kwenye radi, si tulipoanza kupima maji kwa kikombe.

"Mama," alisema.

"Umekula?"

Hilo tu. Na wifi, nahodha wa tishari, akakaa sakafuni pembeni ya meza ya watu akalia kama mtoto aliyechelewa kuchukuliwa shuleni, akijibu katikati ya kwikwi, "Ndiyo, mama. Nimekula, mama."

Kabla hatujaagana, mume wangu aliirudia simu. "Inatosha sasa," aliniambia. "Umeshaonyesha. Panda ndege urudi." Nikamwambia nitafikiri.

*

Tulipewa vyumba kwenye nyumba ya wageni nyuma ya gati. Nilisimama chini ya bomba la maji matamu mpaka vidole vikakunjamana, nikajisugua chumvi iliyokuwa imeota hata nyuma ya masikio. Nililala kwenye kitanda kisichoyumba na nikashindwa kusinzia mpaka nilipojibana ukutani kwa mto. Tulikula mkate mbichi. Tulikula machungwa, maganda yakarundikana mezani kama vile watu kumi wamepita. Spana aliing'oa ile sehemu ya kuwashia injini, akaifumua juu ya gazeti, akapata mafundi wenzake watatu wa kubishana nao, na furaha yake ikarudi nzima nzima. Kila asubuhi manahodha wa boti nyingine walimjia Mwalimu gatini na viti vyao, eti wana swali dogo tu, na kufikia siku ya tatu ilikuwa darasa kamili la watu kumi na mmoja, na nahodha mmoja alitolewa nje kwa kuchelewa.

Mimi nilikuwa nafikiri kuhusu ndege. Nilikuwa na hamu na nyumba yangu, kweli. Niliwaza cherehani yangu karibu na dirisha, na mwezi ule wa pilikapilika kabla shule hazijafunguliwa. Siku ya nne nilikiri moyoni, nikiwa nimebeba tanga kwenda kwa fundi pamoja na wifi, kwamba huenda nimemaliza yangu.

Karakana ya matanga ilikuwa ukumbi mkubwa wenye sakafu ya mbao iliyong'aa, na watu wakitembea peku juu ya vitambaa. Fundi mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, kalamu ya chokaa sikioni, mikono mipana kuliko yangu. Tulilitandaza tanga, na yeye akaanza kulikagua akitambaa kwa magoti. Alipofika kwenye mshono wangu akasimama. Aliupitisha kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho, hatua nane nzima. Akaweka rula, akahesabu tundu za sindano, akasogea mbele, akahesabu tena.

"Nani kashona hapa?"

"Mimi," nilisema, nikijiandaa kuomba radhi. "Tulikuwa baharini. Boti ilikuwa inaruka."

"Kwa mkono? Ikiruka?"

"Siku nne."

"Umejifunza karakana gani?"

"Sijajifunza tanga mimi. Nashona sare za shule. Sketi za marinda na suruali."

Akawaita wafanyakazi wake. Walikuja sita, wakachuchumaa kuzunguka mshono wangu, na yeye akawaonyesha kwa rula: hapa mawimbi yalikuwa makubwa, mshono haujayumba, hapa kitambaa kimekunjwa mara mbili ili kisichanike tena, mmeona? "Watu wa marinda," aliwaambia, "ndio hawa."

Wifi alikuwa amesimama kando, meno yote nje, amevimba kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyenizaa.

"Basi utaufumua uushone kwa mashine?" alimuuliza.

"Kuufumua?" Fundi alimtazama kama aliyetukanwa. "Nitaimarisha pembe, nitabadilisha kamba ya ukingo. Mshono huu siugusi. Utazunguka dunia na utarudi." Kisha akavua mkononi mwake ile ngozi nene ya kusukumia sindano, ambayo mafundi wa matanga huivaa kiganjani, akanivisha mwenyewe na kukaza kifungo. "Nina nyingine. Bado mna bahari mbili mbele."

Nilitoka pale nikitembea kama niliyevaa taji. Sikumwambia wifi lolote. Nilipanda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa bandari nikaomba simu.

"Sipandi ndege," nilimwambia mume wangu.

Nilimsikia akivuta kiti. "Wewe ni fundi wa sare."

"Na wa matanga. Waulize watu wa hapa."

"Bado mna miezi mingapi?"

"Saba. Labda minane, tukipata upepo mbaya."

Nikajiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa nao tayari mdomoni, umepangwa vizuri. Lakini nilichosikia ni kicheko, kidogo kidogo, kile anachokicheka akishindwa bao na kulikubali.

"Jana nimewaambia wenzangu kazini kwamba mke wangu amevuka bahari," alisema. "Wamesimama wote kunipongeza. Mkuu wa idara amenipa mkono. Nikirudi leo niwaambie umepanda ndege, nitauweka wapi uso wangu? Nenda. Ila upige simu kila bandari, na umwangalie dada yangu."

"Yeye ndiye anayeniangalia."

"Basi muangaliane."

*

Tuliondoka siku ya kumi na moja, asubuhi, upepo ukitoka nyuma ya mlima. Injini ilikuwa imepona na Spana aliiwasha mara tatu bila haja, ili tu tuisikie. Mapipa ya maji yalijaa hadi kwenye mfuniko. Mkuu wa bandari alisimama gatini na wanafunzi kumi na mmoja wa Mwalimu, na yule fundi wa matanga alikuwa amekuja na karakana nzima, peku vilevile.

Wifi alifungua kamba ya mwisho, akaja nyuma, akaushika usukani kidogo, kisha akauachia.

"Wifi," alisema. "Utoe wewe."

"Mimi? Hapa penye mawe?"

"Hapa penye mawe. Mimi nitakaa ninywe chai."

Na kweli alikaa, akakunja nne, akamimina chai kwenye kikombe cha bati na hata hakutazama mbele. Nilishika usukani kwa mikono yote miwili. Nikaita, "Tweka!" na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotarajia. Spana na Mwalimu wakavuta, tanga likapanda hadi juu, likajaa. Mbishi ikaegemea, ikaanza kukimbia. Boti zote bandarini zikapiga honi kwa pamoja, kubwa na ndogo, na watu wa gatini wakaanza kupunga. Niliyapita mawe ya kushoto, nikayapita ya kulia, na mbele yangu maji yakafunguka yote.

"Dira inasema nini?" aliuliza wifi kutoka kwenye chai yake.

"Magharibi, kaskazini kidogo."

"Basi shikilia hapo hapo, nahodha."